Shingo ya Bochaberi

Kapsoit,
11 Februari 1996

Baba Cheptoo,

Salamu zetu zikufikie hapo Voi na reli yako. Huku jua limekaza. Chai imekuwa ngumu, tunachuma shamba zima na gunia halijai. Ng'ombe bado anatoa maziwa vizuri, Mama ametengeneza mursik, yale maziwa ya kibuyu unayoyapenda, ya kukungoja, na mwanao Kipruto ameng'oa jino akalitupa juu ya paa mbele ya kila mtu.

Sasa nikupe habari kubwa. Unajua lori la kiwanda linavyochelewa kuja kwenye kituo chetu cha chai mpaka majani yanapata joto ndani ya magunia, halafu yanarudishwa eti mabaya. Juzi nilimwambia karani wa mizani maneno, na unaijua hii sauti yangu, hata walio upande wa pili wa barabara walisikia. Nilipomaliza wakulima wakapiga makofi. Wengine wamesema mwakani, kamati ya kituo ikichaguliwa upya, watanisimamisha mimi. Mwanamke, tena mke aliyetoka Kisii! Nilicheka, lakini nilipofika nyumbani sikuwa nacheka tena. Nataka, Baba Cheptoo. Mwenyekiti wa sasa, Mzee Kipkosgei, amekalia kile kiti tangu kabla hujanioa, na lori bado linachelewa.

Mimi sina neno. Nimepungua kidogo lakini usijali, nakula kuliko hata wewe. Juzi nilimaliza sufuria ya ugali wa watu watatu na baada ya saa moja nikatafuta viazi. Usingizi ndio sijui umeenda wapi. Na joto! Watoto wananicheka kwa sababu nalala bila blanketi, na baridi ya hapa unaijua.

Nenda salama kazini.

Mkeo,
Bochaberi


Voi,
3 Machi 1996

Mama Cheptoo,

Barua yako niliwasomea wenzangu wa gengi la reli wakati wa chakula, ile sehemu ya karani. Wamesema wewe ungefaa kuwa msimamizi wetu, treni zingefika mapema.

Simama. Mimi niko nyuma yako. Watakaosema umetoka Kisii, waambie mimi nilikuja kwa baba yako kule kambi ya chai mara nne kabla hajakubali, kwa hiyo hukujileta.

Lakini joto la Kapsoit mimi silijui. Njoo hapa Voi ujue joto ni nini, chuma cha reli huwezi kukigusa saa sita. Na mbona herufi zako zinakimbizana hivi? Uliandika ukiwa juu ya mti? Mstari wa mwisho nilimpa mwenzangu asome, naye akashindwa. Pumzika, kazi ya shamba haiishi.

Jambo moja. Yule mtamba mweusi nimemwahidi ndugu yangu mdogo, anapeleka mahari mwezi wa sita. Najua utaelewa.

Pasaka nitakuwa nyumbani.

Mumeo,
Johana


Kapsoit,
22 Machi 1996

Johana,

Umemwahidi mtamba wangu. Nani aliyemlea? Nani aliyelala zizini alipozaliwa akiwa hawezi kunyonya? Wewe ulikuwa unagusa chuma!

Mnafikiri mimi ni punda wa nyumba hii. Mama yako naye ananitazama tangu asubuhi mpaka jioni kama mtu anayengoja niibe kitu. Jana niliangusha mtungi wa maziwa, wote ukamwagika, akasema "hii mikono yako," basi, hivyo tu, nami nikamjibu maneno ambayo sitayaandika. Cheptoo akalia. Nikamfokea Cheptoo kwa sababu ya kulia.

Moyo unanienda mbio hata nikiwa nimeketi. Nikisema nimechoka mnasema pumzika. Nitapumzikia wapi?

Pasaka usijisumbue kuja.

B.


Kericho,
5 Mei 1996

Ndugu yangu Johana,

Ni mimi dada yako Chepkosgei. Hukuja Pasaka na hukusema kwa nini, kwa hivyo nimeketi dukani, wateja wameisha, nikuandikie kama dada.

Mkeo ni mgonjwa. Nilienda nyumbani Jumapili nikapita karibu naye barabarani bila kumtambua. Nguo zinamning'inia. Shingo imefura hapa mbele, na macho yametokeza, unamwona kama mtu ambaye ameshtuliwa na kitu na hajatulia tangu hapo. Mikono inatetemeka. Kanisani aliacha kuimba katikati ya wimbo akaketi, anatafuta pumzi.

Unajua watu wanasema nini. Siku hizi mtu akikonda hakuna swali lingine. Wanasema ni ule ugonjwa. Wengine wanasema wewe ndiye uliyeuleta kutoka kwa miji ya reli, wengine wanasema yeye, mume akiwa mbali. Mzee Kipkosgei alisema kituoni, mbele ya watu, "Mnataka kunitoa mniwekee maiti?" Watu wakacheka, Johana. Wale wale waliompigia makofi.

Na Mama ameanza kuogopa. Amemtengea Bochaberi kikombe chake na sahani yake, na watoto wanalala nyumbani kwake sasa, kwa kogo yao. Bochaberi aliwakunjia nguo zao, akawapelekea mpaka mlangoni.

Mimi sijui ni nini. Sikuandikii umhukumu, nakuandikia uje.

Dada yako,
Chepkosgei


Voi,
19 Mei 1996

Bochaberi,

Nimesikia mambo ya huko, na sikuyasikia kutoka kwako.

Nenda hospitali upimwe damu. Mpaka nione majibu sitakuja nyumbani. Watoto wabaki kwa Mama. Kuhusu uchaguzi, waambie watafute mtu mwingine, jina letu limezungumzwa vya kutosha.

Nimetuma hela za nauli kwa Chepkosgei.

Johana Kipkemoi


Kapsoit,
30 Juni 1996

Johana Kipkemoi,

Kwa kuwa umeacha kuniita mama wa mtu, na mimi nakuita kwa jina, la ubini likiwemo.

Barua yako ilinikuta nimeshaenda. Siku moja kabla haijafika nilichuchumaa shambani kupalilia na nikashindwa kuinuka. Mapaja yalikataa tu. Nilijivuta nikishikilia mche wa chai mpaka nikasimama, nikaita jina lako kwa hasira, halafu nikamtumia Chepkosgei ujumbe anipeleke. Tulienda ile hospitali ya misheni kule Bomet.

Daktari ni mama wa makamo, mpole, haongei sana. Alinitazama nikiingia mlangoni akaweka kalamu chini. Aliniambia ninyooshe mikono mbele, akanilazia karatasi juu ya vidole. Karatasi ikacheza mpaka ikaanguka. Akaja nyuma yangu, akanishika shingo kwa vidole viwili, akasema, "Kunywa maji, umeze." Akaweka mashine yake ya kusikiliza hapo hapo shingoni. Mimi nilidhani husikilizwa moyo tu.

Nikamuuliza, "Daktari, ni ukimwi?"

Akasema, "Tutapima na huo, ili usilale ukiuwaza. Lakini shingo yako inaniambia jambo lingine."

Kisha akaniuliza, "Umekuwa ukigombana na watu wako?" Johana, nililia mpaka Chepkosgei akaingia bila kuitwa.

Damu ilipelekwa Nairobi, tukangoja majuma. Juzi nilirudi kuchukua majibu. Ukimwi sina. Nilicho nacho ni hiki, nakueleza kama nilivyoelezwa. Hapa mbele ya koo kila mtu ana tezi, ndogo, umbo lake kama kipepeo. Kazi yake ni kutoa kitu kinachoingia kwenye damu na kuuambia mwili uende mwendo gani. Na mwili una askari wake wa kuulinda na magonjwa. Kwangu mimi askari hao wamekosea. Badala ya kukabili wadudu wanaishambulia tezi yangu, tena si kwa kuiua. Wanaisukuma. Nilimwambia daktari, "Kama nyapara anayewapigia wachumaji kelele bila kuwapa hata saa ya kula." Akacheka, akasema hasa. Basi tezi inafanya kazi usiku na mchana, na mwili wote unakimbia nayo. Ndiyo sababu ya joto, njaa, kukonda, moyo kwenda mbio, mikono, usingizi, mapaja. Ndiyo sababu ya hasira pia. Macho nayo ni askari hao hao, wamefuata nyama zilizo nyuma ya jicho.

Nilimuuliza kama nimelaaniwa, akasema hapana. Nilimuuliza kama nimekula kitu kibaya, akasema hapana. Nilimuuliza kama naweza kumwambukiza mtoto kwa kikombe, akasema, "Hata kwa kulala naye kitanda kimoja miaka kumi." Akasema hushika wanawake zaidi, na mara nyingine hutembea katika ukoo. Hapo nikamkumbuka shangazi yangu, dada ya baba, yule wa macho makubwa aliyeishi peke yake ukingoni mwa kijiji kwa sababu watu walimwita mchawi. Tulikuwa tukimkimbia tukiwa watoto. Alikuwa mgonjwa tu, Johana. Mgonjwa kama mimi, na hakuna aliyemshika shingo kwa vidole viwili.

Nimepewa vidonge vya kuituliza tezi na vingine vya kupunguza mbio za moyo. Havitaponyesha kesho, vinataka miezi. Daktari amenionya jambo moja akalirudia: nikipata homa na koo likaniuma, nisingoje hata siku moja, nirudi.

Jana nilienda kwa Mama kuchukua watoto. Alisimama mlangoni. Nilimweleza yote kwa Kipsigis, polepole, nikiwa nimesimama uani. Aliniuliza, "Kwa hivyo hauambukizi?" Nikasema hauambukizi. Akauliza tena. Halafu akageuka akawaita watoto, akaingia ndani, na sikumwona tena mpaka leo asubuhi alipokuja na kuku wa supu.

Sasa hili ni lako. Uliniambia nikapimwe na nimepimwa. Wewe je? Ulinihukumu ukajiacha nje ya kesi. Nenda ukapimwe, uniletee majibu mkononi. Na kwenye uchaguzi jina litakalosimama ni langu, nililopewa na baba yangu, kwa hivyo lako usilihofie.

Bochaberi


Voi,
21 Julai 1996

Mama Cheptoo,

Kama bado naruhusiwa kukuita hivyo.

Nimepimwa, niko salama. Karatasi nitaileta mkononi, kama ulivyosema. Nilingoja majibu siku tatu na nikajua kidogo ulichongoja majuma.

Barua yako nilimpelekea mganga wa zahanati ya hapa, nikamwomba anieleze kama ni kweli mtu anaweza kuugua hivyo. Aliisoma yote, hata mahali pasipomhusu. Akaniambia, "Mkeo ameeleza vizuri kuliko mwalimu wangu." Kisha akanirudishia, akasema niende nyumbani.

Nilikuogopa, Bochaberi. Nilipoogopa nikakuandikia kama bwana mkubwa wa ofisi. Sina maneno mengine ya kulifunika hilo.

Likizo yangu inaanza tarehe kumi Agosti. Mtamba ni wako, nimemwandikia ndugu yangu. Na yale maneno ya homa na koo nimemwandikia Mama pia, kwa herufi kubwa, Cheptoo amsomee.

Johana


Kericho,
24 Septemba 1996

Ndugu yangu Johana,

Nilipiga simu stesheni mara mbili, wakasema mko njiani mnatengeneza reli. Basi soma hii ukiwa umeketi. Yuko hai na anaendelea vizuri, nimetanguliza hilo.

Uliporudi kazini alikuwa ameanza kunenepa, uliona mwenyewe. Jumatano akaamka na homa na koo likimuuma hata mate hamezi. Jirani akasema ni malaria, dawa ziko dukani. Bochaberi mwenyewe alisema angoje mpaka kesho, maana kulikuwa na majani ya kupeleka.

Mama ndiye aliyekataa. Alisema, "Daktari alisema koo." Magari ya abiria yalikuwa yamepita. Lori la kiwanda lilikuwa linatoka kituoni na magunia. Mama akasimama katikati ya barabara, ameinua mikono yote miwili, mwanamke wa umri wake. Dereva akatoa kichwa dirishani, akasema haruhusiwi kubeba watu. Mama akamwambia, "Basi nikanyage, halafu umbebe."

Walipanda wote wawili, Bochaberi amelala juu ya magunia ya chai. Lori liliwafikisha Kericho, nami nikawapata hapo, tukapata gari mpaka Bomet. Daktari alipima damu, akatueleza. Vile vidonge vya tezi huwa na tabia hiyo kwa watu wachache sana: vinawamaliza askari wa damu, wale wazuri wa kukabili homa. Karibu hakuwa na askari hata mmoja. Daktari alituambia, "Mngelala nyumbani siku mbili zaidi, tusingekuwa tunaongea."

Wamemsimamishia dawa hiyo na hatainywa tena maisha. Wamempa sindano, homa imeshuka, damu inarudi. Lakini tezi bado iko pale. Imebaki kupasuliwa, waipunguze. Daktari hakutuficha: neva ya sauti hupita nyuma ya tezi, iko karibu sana. Wakati mwingine mtu hupona na sauti ikabaki nyuma.

Bochaberi aliuliza neno moja tu. "Uchaguzi ni mwezi gani?"

Dada yako,
Chepkosgei


Hospitali, Bomet,
29 Novemba 1996

Baba Cheptoo,

Umeondoka asubuhi na hukuniona nikipunga mkono dirishani. Nilitaka kukuita, na nilipofungua kinywa ikatoka pumzi tu.

Madaktari wamefurahi na shingo. Kabla ya kunipasua walininywesha yale matone ya iodini, machungu, yenye ladha ya msumari, yaliyoipunguza damu ya tezi. Sasa mshono uko hapa chini, mwembamba, kama mtu aliyechora mstari wa kushona kola. Leo nilishika mapigo yangu mwenyewe, Johana. Yanatembea. Nilikuwa nimesahau moyo hutembea.

Lakini sauti ni mnong'ono. Daktari anasema neva haikukatwa, imechoka kwa kuguswa, nisubiri. Miezi kadhaa. Labda mitatu, labda sita. Labda haitarudi ilivyokuwa.

Nilikuwa jasiri ulipokuwa hapa. Sasa ni jioni, wagonjwa wengine wanaimba wimbo wa kulala, nami nasogeza midomo. Nakuandikia kwa sababu kalamu haihitaji koo.

Ulinilisha uji mbele ya watu. Mama anawasimulia wodi nzima.

Wako,
Bochaberi


Kapsoit,
16 Machi 1997

Mwanangu Johana,

Hii ni mimi mama yako nasema, na Chepkosgei anaandika. Nimemwambia asibadilishe kitu. Anasema Kiswahili changu kitakuchekesha. Cheka.

Uchaguzi ulikuwa jana. Nilivaa lile koti lako la reli kwa sababu ya mvua. Watu walikuwa wengi, hata wasio na chai walikuja kutazama. Mzee Kipkosgei alisimama kwanza. Alisema juu ya barabara, halafu akasema, "Na huyu mwingine, tuulizane bila kuona haya, ana nini? Alikonda, macho yakatoka, akapelekwa hospitali, amerudi sauti imekatika. Mtu ambaye hata kuita karani hawezi."

Mimi miguu yangu ikaanza kunipeleka mbele nimpe majibu, Chepkosgei akanishika koti.

Bochaberi akasimama. Unajua Krismasi hakuweza kuimba hata ubeti, na tangu Januari sauti ilikuwa inarudi kama redio ya betri zilizochoka. Akafungua kitambaa shingoni, akakikunja, akaniletea nishike. Akawageuzia kovu wote walione, upande huu, halafu upande ule. Akasema kwa Kipsigis, "Mzee ameuliza swali zuri. Nitalijibu."

Johana, sauti ilitoka nzito, ya chini, si ile ya kanisani. Ilikuwa kama ya mama yake mwenyewe. Lakini ilifika, kwa sababu hakuna aliyekohoa. Aliwaeleza tezi. Aliwaeleza askari waliokosea. Aliwaambia alivyofokea mtoto wake na asijue kwa nini. Aliwaambia juu ya shangazi yake. Akasema, "Nilipimwa ule ugonjwa mnaounong'oneza na sina. Na ningekuwa nao bado ningekuwa jirani yenu, na bado lori lingekuwa linachelewa." Halafu akasema, "Mimi najua mwili unavyokuwa ukisukumwa bila kupumzishwa. Mkulima anayengoja lori mpaka usiku ni hivyo hivyo. Mkinipa kazi hii, lori litafika mapema au kiwanda kitanisikia, hata kwa sauti hii."

Akaketi. Hakuna aliyepiga makofi. Nilidhani tumeshindwa.

Wakasema tupange mistari, kila mtu nyuma ya wake. Mimi nilikuwa wa kwanza nyuma yake, nilimsukuma kijana mmoja nikampita. Nikatazama mbele tu, niliogopa kugeuka. Nikasikia viatu kwenye matope. Vingi. Nilipogeuka mstari ulikuwa umepita kibanda cha mizani, umepita choo, umezunguka uzio, na wa mwisho walikuwa barabarani. Mstari wa Mzee ulikuwa kama familia inayongoja chai.

Karani hata hakuhesabu.

Chepkosgei analia, kalamu imechafua hapa, utanisamehe.

Mama yako


Kapsoit,
24 Agosti 1997

Baba Cheptoo,

Umeniuliza niseme ukweli kuhusu afya, kwa hiyo nausema wote.

Mwezi wa tano nilianza kuona baridi. Mimi, niliyelala bila blanketi! Nikawa nalala nikiwa nimeketi, uso ukavimba, na nikachuma chai kama bibi wa miaka tisini. Niliogopa kwamba nimerudi mwanzo. Daktari akasema ni kinyume chake: tezi iliyobaki ni ndogo, sasa mwendo ni wa chini mno. Amenipa kidonge kimoja kidogo cheupe cha kila asubuhi, kabla ya chai. Cha maisha. Nilipomuuliza mpaka lini akasema, "Mpaka uzeeke na uendelee." Nimekubali. Mama anakunywa dawa yake ya presha saa hiyo hiyo, tunakutana jikoni na maji yetu kama watu wa kanisa moja.

Macho hayajarudi yote, na huenda yasirudi. Vumbi linayachoma, navaa miwani ile nyeusi uliyoninunulia, na watoto wa shule wananiita dereva. Sauti imebaki ya chini. Kwaya wamenihamisha kutoka mstari wa mbele, naimba na akina mama wa sauti ya pili. Huko nyuma kuna vicheko zaidi.

Lori linafika saa nane. Kwa sasa. Nikilegea litachelewa tena, nalijua.

Lakini nilikaa chini kukuandikia juu ya Ijumaa. Nilimwomba daktari wa Bomet aje kituoni siku ya majani, awatazame watu shingo wakiwa wanangoja mizani. Niliogopa hatakuja mtu. Walikuja kutoka Ainamoi, walikuja hata kutoka Fort Ternan, wanawake wamevaa nguo za Jumapili na magunia mgongoni. Wengine walikuwa na uvimbe tu usio na neno. Wengine watatu walikuwa na mbio za moyo kama zangu, na mmoja wao mumewe alikuwa amemrudisha kwao, akisema ameoa kichaa. Daktari amewaandikia wote warudi Bomet wapimwe damu.

Katikati ya mstari nikamwona Mzee Kipkosgei. Amevua kofia, amemshika mkewe Janeffer kiwiko. Mama yule amekonda, Johana, na kitambaa kimefungwa juu mpaka kidevuni, kwa jua lile. Tangu lini, sijui. Labda hata siku ile ya uchaguzi Mzee alikuwa anamtazama nyumbani, akiogopa kuuliza.

Hakunitazama. Alisema, "Mwanangu, huyu halali tena."

Nikamwambia, "Ngoja hapa, Mzee. Atafikiwa." Nikamletea Janeffer kiti.

Hapo lori likaingia. Dereva akaona hakuna anayepakia, watu wote wako kwenye mstari, akaanza kupiga honi, akapiga tena, akatoa kichwa akapaza sauti kwamba anachelewa kiwandani. Mimi nilikuwa nimepiga magoti, nafungua fundo la kitambaa cha Janeffer. Kabla sijainuka nikasikia fimbo ikigonga mlango wa lori.

Alikuwa Kipkosgei.

"Zima injini," akamwambia dereva. "Mwenyekiti hajamaliza."

Wako,
Bochaberi